Shukrani za Saa Saba

Nakshi alikuwa kwenye kiti cha kinyozi, upande mmoja wa kichwa umeshanyolewa na mwingine bado, aliposikia redio ya taifa ikimshukuru mtu ambaye hajatoa kitu.

"Shirika la utangazaji la umma," mtangazaji alisema baada ya habari za saa saba mchana, "linatoa shukrani za dhati kwa marafiki zetu wa ng'ambo, kwa ahadi yao ya kutupatia mitambo mipya ya studio."

"Hiyo mitambo imefika?" Nakshi akauliza.

"Ifike wapi?" kinyozi akasema. "Hao mtu akiahidi tu, keshashukuriwa. Mkurugenzi wao wa ushirikiano anaamini mfadhili akishukuriwa mapema mbele ya taifa zima, ataona haya kurudi nyuma. Mwaka wa saba huu wanashukuru. Geuza kichwa."

Mtu wa kawaida angecheka, akalipa, akaenda zake. Nakshi hakuwa mtu wa kawaida, na ni vizuri tumtendee haki mapema. Jina hilo alipewa kwa sababu hakuwahi kusema uongo mtupu. Kila uongo wake aliutia urembo mpaka aliyedanganywa akaona haya kuukataa. Aliwahi kuuza kiwanja kimoja kwa ndugu wawili, na wote wawili wakamwalika kwenye harusi zao.

Kinyozi alipoanza upande wa pili, mawazo ya Nakshi yalishafika kwa tajiri mmoja mwenye hoteli. Huyu tajiri ujanani alicheza dansi na bendi ya wazima moto, na bendi ile haikuwahi kutoa sahani ya santuri hata moja. Ilirekodiwa mara moja tu, studio ya redio ya taifa, kwenye kanda kubwa za kuzungushwa. Tajiri alizitaka kanda zile ziwe zake peke yake, zipigwe hotelini kwake na pasiwe na mahali pengine duniani pa kuzisikia. Alikuwa tayari kulipa pesa ya kumfanya mtu ahame mji.

Kwa nini aibe, Nakshi akajiuliza, wakati anaweza kuombwa azichukue? Alichohitaji ni kuwa mfadhili. Na pale redioni kuwa mfadhili ilikuwa rahisi kuliko kupata kitambulisho cha mgeni getini.

Mfadhili wa ng'ambo hata hivyo lazima awe na mtu wa ng'ambo. Nakshi akamwendea shemeji yake, kaka wa mkewe, fundi wa kuezeka mabati, mtu mpole mwenye mabega mapana, ambaye kwa miezi miwili hakuwa na kazi.

"Utavaa suti, utakaa kimya," Nakshi akamwambia. "Nikikutazama, unatamka chochote. Mimi nitatafsiri."

"Mama akijua je?"

"Mama atajuaje?"

Mama aliyetajwa ni mama mkwe wa Nakshi, ambaye katika miaka tisa ya ndoa hakuwahi kumwita kwa jina wala kwa cheo. Akimtaja alisema "yule", na waliokuwepo walielewa. Shemeji akafikiri, akaipima suti, akakubali.

Jumatatu saa nne asubuhi wakawa ofisini kwa Mkurugenzi wa Ushirikiano wa Kimataifa na Misaada ya Hisani. Palikuwa na zulia, bendera ndogo ndogo mezani, na ukuta mzima wa picha. Picha thelathini na moja, na katika kila moja Mkurugenzi alikuwa anashikana mkono na mtu anayetazama kamera.

"Taasisi ya Sauti Rafiki," Nakshi akasema, akiweka mezani kadi iliyochapwa juzi. "Na huyu ni Mheshimiwa Mwakilishi, kutoka makao makuu." Akataja nchi, lakini kwa haraka kiasi kwamba hakuna aliyethubutu kuuliza iko upande gani.

Shemeji akatamka maneno matatu yasiyo ya lugha yoyote. Nakshi akayatafsiri kwa dakika nne. Kumbe taasisi iliguswa sana na urithi wa sauti za taifa hili, na ilikuwa tayari kuzichukua kanda za bendi ya wazima moto, kuzisafisha kwenye maabara yake, na kuzirudisha zikiwa mpya.

"Na safari za mafunzo?" Mkurugenzi akauliza. "Maana ushirikiano bila kutembeleana, huo sio ushirikiano."

"Safari zipo. Kwa kuanzia, wiki mbili."

Mkurugenzi akaonyesha mahali ukutani ambapo picha ya thelathini na mbili ingekaa. Mambo yalikuwa yanateleza yenyewe. Ndipo mlango ukafunguliwa, akaingia mtunza maktaba ya kanda, ambaye jengo zima lilimwita Mama Kanda, mwanamke aliyekaribia kustaafu, koti la kazi la bluu, miwani imefungwa kwa uzi.

Shemeji akasimama wima. "Shikamoo mama."

"Marahaba," Mama Kanda akasema.

Mtoto akilelewa vizuri, hata ukimvika suti na kumpa nchi nyingine, akimwona mtu mzima ulimi unamtangulia.

"Nimemfundisha njiani," Nakshi akasema, akitabasamu mpaka mwisho wa meno.

"Umemfundisha vizuri," Mama Kanda akajibu. "Hata kuinama ameinama."

Mkurugenzi akaamuru wageni waonyeshwe maktaba. Ilikuwa chumba kirefu nyuma ya jengo, kanda zimepangwa sakafuni hadi kiunoni na kufunikwa nailoni, ndoo tatu katikati ya njia, na juu yake bati lenye matobo ambayo jua liliyapitia bila shida.

"Miaka ishirini na sita nimekaa humu," Mama Kanda akasema. "Mwaka jana mvua ilinilia kanda mia mbili. Waimbaji, walimu wa redio, watu waliokwisha kufa. Nililia kama nimefiwa, na sioni aibu kusema. Mvua zinaanza mwezi ujao."

Nakshi alitikisa kichwa kwa huzuni ya kitaaluma, lakini macho yake yalikuwa kwenye maboksi sita yaliyoandikwa Bendi ya Wazima Moto. Alikwenda kuyakagua kwa karibu. Kwa hiyo hakusikia yaliyosemwa nyuma yake, ambayo sisi tumeyajua baadaye. Shemeji alikuwa ameinua uso, anatazama paa kwa uchungu wa fundi.

"Wamepiga misumari ya mbao badala ya misumari ya bati," akanong'ona peke yake.

"Na kofia ya paa je?" Mama Kanda akauliza polepole, bila kugeuka.

"Kofia imekaa kinyume, mama. Ndiyo maana inavuja ukutani." Kisha akakumbuka kwamba yeye ni mgeni kutoka nchi ya mbali, akaanza kutamka yale maneno yake matatu.

Mama Kanda hakupiga kelele wala hakumwita askari wa getini. Alifuta miwani yake, akamwuliza Nakshi, "Na paa, mheshimiwa?"

"Paa nalo tutaliangalia," Nakshi akasema, kama mtu anavyosema tutaonana.

Kesho yake saa saba na robo alikuwa mezani anakula na mkewe. Redio ikasema: "Tunaishukuru kwa dhati Taasisi ya Sauti Rafiki, na mratibu wake hapa nchini," hapo jina lake kamili likasomwa, lile la kwenye cheti cha ndoa, "kwa kukubali kuezeka upya maktaba ya kanda za taifa kabla ya Ijumaa ijayo."

Mkewe akaacha kutafuna. Simu ikalia. Ilikuwa ya mama mkwe.

"Mwanangu," akasema yule mama.

Nakshi akaitazama simu kuhakikisha namba haikukosewa. Hajawahi kuitwa hivyo na mtu yeyote tangu mama yake mzazi afariki, akaihamishia simu sikio la pili ili asikie vizuri.

Alikwenda redioni mbio. Mkurugenzi alimpokea kwa mikono miwili, amefurahi kupita kiasi. Wizara imepiga simu kupongeza. Kanda zitatoka siku paa litakapokamilika, taifa limeshaambiwa.

"Lakini makao makuu hawatoi kibali haraka hivyo," Nakshi akasema.

"Aah, tumeshawashukuru," Mkurugenzi akasema, na kwake hoja ilikuwa imekwisha.

Kinyozi akamnyoa bure. Mwenye duka akamsimamisha barabarani kumwuliza ataezeka kwa bati la aina gani. Nakshi akakaa kitandani akapiga hesabu: pesa ya tajiri ilikuwa kubwa kuliko paa. Akauza pikipiki yake, akanunua mabati. Fundi alikuwepo wa bure, ingawa ilibidi mratibu aelezee kwa nini Mheshimiwa Mwakilishi amevua koti na kupanda juu na nyundo.

"Kwao viongozi huezeka wenyewe," alisema. "Ni mila ya unyenyekevu."

Mkurugenzi akapiga picha tatu.

Shemeji aliezeka siku nne, na kila mchana Mama Kanda alimpelekea chai juu ya ngazi. Wakati anapigilia msumari wa mwisho, redio ikaishukuru taasisi kwa kuahidi rafu za chuma. Nakshi alimkuta Mama Kanda kwenye korido.

"Mama, nani anaandika hizi shukrani?"

"Zinaandikwa tu, baba."

"Rafu sikuahidi."

"Hukuahidi? Basi tukanushe. Kesho saa saba tutatangaza kwamba taasisi haikuahidi, na waandishi watataka kujua taasisi iko wapi."

Nakshi akaagiza rafu. Friji ikaenda. Mkewe aliitoa mwenyewe, kwa fahari, akiwaambia majirani kwamba mume wake ana mambo makubwa kuliko maji baridi. Baada ya rafu zikaja shukrani za feni nne za kutoa unyevu, na kochi nalo likaenda. Mama mkwe alikuja kuwatembelea, akakaa kwenye mkeka kwa furaha, akasema siku zote alijua mkwewe ana moyo. Nakshi alijua hajawahi kusema hivyo hata siku moja, lakini hakumsahihisha.

Hatimaye siku ya makabidhiano ikafika. Mkurugenzi alisoma hotuba ya kurasa saba. Mama Kanda alimkabidhi Nakshi maboksi sita kwa mikono yake, yamefungwa kwa utepe na lakiri, akamwambia ayabebe kwa upole. Picha ya thelathini na mbili ikapigwa. Shemeji alisema hawezi kuongozana naye, kuna kona moja ya bati anataka kuitazama tena.

Mtaa wa pili Nakshi alikuwa anapiga mluzi. Mtaa wa tatu alikuwa ameshanunua, kichwani, pikipiki mbili.

Tajiri alimsubiri kwenye ukumbi wa hoteli, amevaa viatu vya dansi, mashine ya zamani ya kanda imewekwa juu ya meza. Akavunja lakiri mwenyewe. Gurudumu likazunguka, pakawa na mkwaruzo, kisha sauti ya mwanamume ikasema: "Nachukua nafasi hii kuahidi, kwa niaba ya serikali yangu, mitambo mipya ya studio."

Wakaweka kanda ya pili. "Nachukua nafasi hii kuahidi magari mawili." Ya tatu iliahidi kisima. Maboksi yote sita yalikuwa hotuba za wafadhili, mmoja baada ya mwingine, wakiahidi kwa uchangamfu.

Tajiri alikuwa bado anaitoa kanda ya sita kwenye mashine, ndipo muziki ukasikika kutoka jikoni. Tarumbeta mbili, gitaa, na mtu anaimba kuhusu ngazi iliyo fupi kuliko ghorofa. Wakaenda kuchungulia. Mpishi alikuwa ameiweka redio juu ya kabati, anacheza na mwiko mkononi. Redio ya taifa ilikuwa inawapigia wananchi wote bendi ya wazima moto, bure, kanda ya kwanza hadi ya mwisho.

Nakshi alitolewa hotelini kwa mlango wa jikoni, na hakutembea kwa miguu yake mwenyewe.

Alimkuta Mama Kanda kwenye maktaba, ameketi katikati ya rafu mpya, feni zinavuma, kanda zimesimama kwa mistari. Nje mvua ya kwanza ilikuwa imeanza, na ndani hapakuwa na tone. Shemeji alikuwa kwenye ngazi amevaa koti la bluu la wafanyakazi.

"Ulimwambia kila kitu," Nakshi akamwambia.

"Niliulizwa na mtu mzima, shemeji. Ningefanyaje?"

Nakshi akamgeukia Mama Kanda. Alikuwa ameandaa maneno makali njia nzima, lakini hakuona pa kuanzia. Huwezi kushtaki kwamba ulichoiba sicho. "Mama, ulijua mimi ni tapeli tangu siku ya kwanza?"

"Tangu ile shikamoo."

"Kwa nini hukunifukuza?"

Mama Kanda akavua miwani. "Baba, kwenye ule ukuta kuna wafadhili thelathini na moja, watu wa heshima, na kila mmoja tulimshukuru saa saba. Hakuna aliyeleta hata msumari. Nilikuwa nashangaa kwa nini shukrani hazifanyi kazi, mpaka ulipokuja wewe. Wale hawakuzisikia, wako mbali. Wewe ndiye mfadhili wetu wa kwanza anayeishi mahali redio yetu inashika."

Mvua ikaongezeka juu ya bati, na shemeji akaisikiliza kwa makini kama daktari anavyosikiliza kifua. Nakshi alikaa juu ya boksi. Pikipiki, friji, kochi. Akajaribu kukasirika, ikamshinda. Amewadanganya watu maisha yake yote, na hajawahi kuona kazi iliyofanywa kwa usafi kama hii.

"Na mimi napata nini?" akauliza.

"Shukrani."

"Lini?"

"Zimeshasomwa, leo mchana. Hukusikia?"

"Nilikuwa hotelini. Za paa?"

"Za jenereta," Mama Kanda akasema, na simu ya Nakshi ikaanza kulia mfukoni. Alikuwa mama mkwe.