Koronari Yangu na Fainali ya Matufe

Jumanne, 11 Machi

Nimechukua majibu ya picha ya moyo. Wiki iliyopita kifua kiliwaka moto, nikajua ndiyo hii, mwanaume naondoka. Mke wangu Glenys alisema ni zile soseji saba. Sita! Ya saba alikula mbwa, karibu yote.

Nikamuuliza daktari kama amewahi kuona moyo wa ukubwa huu. Akasema ni wa kawaida. Kijana bado, hajaona vitu. Eti ni tindikali ya tumbo, nipunguze soseji, kwaheri.

Nimeisoma karatasi garini. Mstari wa kwanza: Desmond Ludbrook, miaka 57. Wa pili, kwa herufi kubwa: MISHIPA YA KORONARI. Wa tatu: safi, haina tatizo lolote.

Mstari wa tatu nimeukunja nyuma. Karatasi ikapendeza zaidi.

Sababu ninayo. Kesho ni siku ya kazi klabuni. Jumamosi ni fainali ya matufe, mipira mizito tunayoibiringisha kwenye nyasi, na desturi yetu haina huruma: anayetaka kucheza fainali sharti ashike sepeto, azoe majani yaliyooza kwenye mtaro unaozunguka uwanja. Miaka ishirini na miwili nimekuwa nahodha wa timu yetu ya watu wanne. Fainali hatujawahi kuiona hata kwa darubini. Sasa tumefika, na mgongo wa nahodha si wa kuinamia matope.

Jumatano, 12 Machi

Ushindi!

Mwanzo ulikuwa mgumu. Mji huu umeliharibu hilo neno. Hapa koronari maana yake mshtuko wa moyo, na kila mtu anayo. Glenys huipata bili ya umeme ikifika. Ross Trethowan, msaidizi wangu katika timu na adui yangu katika mengine yote, alipata mbili katika mechi moja ya Januari, kisha akala pai. Bei ya kondoo, refa asiyeona, binti kurudi na mchumba mwenye pikipiki: koronari, koronari, koronari. Hakuna aliyezikwa. Kwa hiyo nilipotangaza ya kwangu, Ross alisema ataipata na yeye siku atakayoniona nimeshika sepeto. Wakacheka hadi kushikana mabega.

Nikatoa karatasi. Kidole gumba juu ya mkunjo.

Neno lilelile, lakini sasa limechapwa na mashine ya hospitali. Ross akavua kofia. Enid, mwenyekiti wa wateuzi wanaopanga timu, mama asiyemhurumia hata paka, akaniletea kiti, chai na keki ya krimu. Nikakaa kivulini nikiwaonyesha kona walizoruka. Nikawasimulia jinsi moyo ulivyosimama dakika nne. Kufikia kipande cha pili cha keki dakika zilikuwa tisa. Nikawaambia niliurudisha mwenyewe kwa kukohoa.

Wameamini. Mimi ni hatari.

Alhamisi, 13 Machi

Nimekwisha.

Orodha ya fainali imebandikwa ubaoni. Nahodha: R. Trethowan. Mimi simo. Nilisoma kuanzia chini kwenda juu, pengine limejificha jina langu. Halikujificha. Enid akasema, kwa sauti ya matangani, kwamba kamati haitabeba lawama ya mtu kufia uwanjani. Nitakaa kiti cha mbele, na blanketi. Blanketi! Ross akanishika bega, eti mzee wangu usijali, tutashinda kwa ajili yako. Kama vile udongo nimeshafukiwa.

Nyumbani mambo mabaya zaidi. Mlangoni mabakuli matano ya pasta na samaki wa kopo, kila moja na kikaratasi cha pole. Glenys sikuwa nimemwambia kitu. Amesikia dukani, kwenye foleni ya mkate, mume wake anakufa. Alikaa garini nusu saa akashindwa kuwasha gari.

Nikamwambia kweli. Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alisema niende nikawaambie na wao, maneno yaleyale. Kisha akala pasta amenipa mgongo.

Ijumaa, 14 Machi

Amekuja mpwa wangu Bronwyn, nesi. Hakukaa chini. Aliniambia, "Mjomba Des, koronari si ugonjwa. Ni mishipa inayoulisha moyo. Mimi ninayo, mbwa wa Ross anayo. Kusema una koronari ni kama kusema una kiwiko."

Nikamwambia watu wote wanasema hivyo. Akajibu ndiyo, barabarani. Wodini hajawahi kusikia daktari akisema hivyo hata siku moja. Wodini mtu akiletwa na mishipa imeziba, hakuna anayetania wala kula keki. Akaniambia niende kwa Enid leo, nikunjue karatasi, niombe radhi, na huenda nikacheza.

Ushauri mzuri. Nimeukataa. Nikiomba radhi nitachekwa mpaka kaburini, na kaburi lenyewe bado mbali, picha inasema hivyo.

Nina njia nyingine. Mafuriko ya mwaka themanini na nane nilivuka mto na kondoo dume wawili, mmoja kila kwapa. Mtu kama huyo haombi radhi. Anaonyesha. Kesho, wateuzi wakija kukagua nyasi, watanikuta nasukuma rola ya chuma ya kusawazisha uwanja. Wataona wenyewe nahodha ni nani.

Jumamosi, 15 Machi

Siku ya kusahau. Naandika hivyohivyo.

Saa moja na nusu asubuhi nilikuwa uwanjani, sare nyeupe, rola mbele yangu. Enid akatokea na Ross. Nikaanza kusukuma huku napiga mluzi. Hatua kumi, mluzi ukakata. Hatua ishirini, pumzi. Kisha nikateleza kwenye umande, kisha mgongo. Nimelala chali kama kobe, nataka kusema sina kitu, sauti haitoki.

Ross alipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwa mtu mzima. Akaja mbio na mashine ya kushtua moyo, ile ya ukutani, haijaguswa tangu inunuliwe. Ndani yake mkasi! Sare yangu ikapasuliwa katikati. Wembe! Akaninyoa kifua upande mmoja. Akabandika vibandiko, akapiga magoti kwenye matope, akaniomba nisiende. Mashine ikawaza. Halafu, kwa sauti ya mama mstaarabu, uwanja mzima ukisikia: hakuna haja ya kushtua. Ross akabonyeza tena. Hakuna haja ya kushtua.

Enid akaokota karatasi iliyodondoka mfukoni, awape watu wa ambulensi. Akaikunjua. Mstari wa tatu akausoma kwa sauti.

Ross alibaki amepiga magoti, wembe mkononi. Alisema tu, "Mtaro wako nilikuzolea mimi, Des. Na nililia."

Walicheza bila mimi. Nilitazama nikiwa nyuma ya uzio wa vyoo, shati limeshikwa na pini. Tufe la mwisho lilikuwa la Ross. Nililiombea lipotoke. Likaja polepole, likasimama upana wa kidole kutoka kitufe cheupe, kile kidogo tunacholenga. Ushindi wa pointi moja. Wakarukiana. Nilipiga makofi na mimi. Hakuna aliyesikia.

Jumapili, 16 Machi

Picha ya washindi imeshatundikwa klabuni. Wanne, kikombe, meno. Hata mbwa wa Ross yumo.

Enid amepiga simu. Majira yote ya baridi, kila Jumatano, mtaro ni wangu peke yangu. Nikikataa nirudishe kadi ya uanachama. Nimekubali. Nilitaka kuongeza neno, simu ilishakatwa.

Mabakuli matano nimeyarudisha mwenyewe, mlango hadi mlango. Nyumba ya nne waliona nakuja, wakazima televisheni.

Glenys kaniletea chai, ya kwanza tangu Alhamisi. Akakaa. Akaniuliza kama nimejifunza. Nikasema nimejifunza, na wakati nasema ilikuwa kweli kabisa. Akanishika mkono kidogo.

Jumatatu, 17 Machi

Nimetafakari vizuri. Kosa langu halikuwa uongo. Kosa lilikuwa kuchagua moyo. Moyo una mashine, una picha, una wapwa waliousomea. Lakini nyonga! Nani atapinga nyonga ya mtu? Na mwenye nyonga mbovu hatumwi kuinama mtaroni.

Nimempigia Bronwyn kumuuliza madaktari huiitaje. Amekata simu. Si kitu, duka la dawa wana vitabu.

Mazoezi nimeanza leoleo, nikichechemea kutoka posta. Mama mmoja kanifungulia mlango. Kufika darajani nikasahau ni mguu upi. Naandika hapa nisisahau Jumatano: wa kushoto.