Ghorofa ya Nne, Hakuna Lifti

Jumatatu, 4 Machi
Siamini! Bi Haug, anayezalisha mbwa wachungaji wenye manyoya marefu kule bondeni, kanihoji kwa simu dakika hamsini. Nilidhani naomba mbwa, kumbe naomba mke! Wazazi wa watoto wa mbwa anaowauza wamepigwa eksirei za nyonga, wote wawili, kuhakikisha hawana kilema. Hakuna mtoto anayetoka kabla ya wiki nane. Nikawa naitikia sawa, sawa. Kisha akauliza naishi ghorofa ya ngapi. Eti mbwa mchanga hapandishwi ngazi, viungo vitaharibika.

Naishi ghorofa ya nne. Hakuna lifti. Nikajibu: ya chini, yenye bustani.

Tangu mbwa wangu Asta afe, miaka miwili sasa, naongea na redio. Lazima nimpate huyu.

Jumatano, 6 Machi
Ghorofa ya chini anaishi Bi Pfaff, mjane, ulimi wembe. Bi Haug anakuja Jumamosi kukagua ninapoishi, basi nimemwomba jirani aniazime nyumba yake kwa saa moja, na yeye ajifanye shangazi yangu. Alinitazama kama nimemwomba figo. Akasema njia ya mwongo ni fupi. Halafu akakubali, mradi nimfagilie ngazi zamu zake zote hadi Krismasi. Hadi Krismasi! Akaongeza kuwa mbwa hawapendi, wananuka.

Ijumaa, 8 Machi
Nimebadilisha majina kwenye kengele za mlangoni. Jina langu, Nüssle, chini; Pfaff juu. Kazi safi! Mleta vifurushi kapanda ghorofa zote nne na mzigo wa Bi Pfaff, kateremka akinitukana. Nimemsamehe.

Jumamosi, 9 Machi
Jamani, aibu! Bi Haug kaja na mama wa watoto, Wanda, jike kubwa lenye manyoya hadi kwenye vidole. Mwanzo mambo shwari. Nilifungua makabati matatu nikitafuta vikombe, nikasingizia kwamba nimepanga upya. Ndipo akauliza, taratibu kabisa, mbona ubao wa zamu ya kufagia pale mlangoni unasema Nüssle yuko ghorofa ya nne.

Ubao! Kengele nilizikumbuka, ubao nikausahau! Miaka hamsini na minane naishi huku Swabia, kusini mwa Ujerumani, nisijue kwamba mgeni husoma zamu za kufagia kabla hajafuta viatu? Nikasema ni ubao wa zamani. Akasema una tarehe ya wiki hii.

Na Bi Pfaff badala ya kuniokoa alikuwa jikoni akimlisha Wanda soseji ya maini, anamwita "mwanangu". Huyo asiyependa mbwa! Bi Haug akaniambia nitoke nje, ana maongezi na Bi Pfaff.

Jumanne, 12 Machi
Nimeishiwa nguvu. Mbwa kapewa Bi Pfaff! Kikulacho ki nguoni mwako. Sijala tangu asubuhi. Nimezifagia ngazi zake kwa hasira hadi zikang'aa, nyoka yule.

Alhamisi, 14 Machi
Kaletwa. Dume, sikio moja limesimama, jingine bado limelala. Bi Pfaff akaniita, nikashuka na ufagio. Kumbe ananionyesha mkataba. Mstari wa pili: wa kumtembeza na kumfunza, Gerold Nüssle. Akasema magoti yake yamekwisha, na mimi, mjinga nilivyo, miguu ninayo. Bi Haug naye kaniachia ujumbe: ningesema ukweli tangu mwanzo, kwamba niko juu na jirani wa chini atasaidia kulea, angetupa siku ile ile.

Mtoto akalala juu ya kiatu changu. Nililia, sifichi. Bi Pfaff akasema nisimlowanishe mbwa.

Nimewaza sana jioni hii. Funzo liko wazi: nisingedanganya, nisingempata.

Jumapili, 17 Machi
Siku ya kwanza shule ya mbwa. Fomu inauliza uzoefu. Nikaandika: miaka thelathini, mbwa wakali wa ulinzi. Mkufunzi akasoma, akanikumbatia! Msaidizi wao, yule wa kujifanya mwizi ili mbwa wafunzwe kukamata, kavunjika mguu, na mtu mzoefu haonekani popote. Kesho saa tatu asubuhi navalishwa mkono wa gunia wa kukinga meno, nakimbia uwanjani nikipiga kelele, na mbwa dume wa kilo arobaini na tano anatumwa kunikamata.

Aliuliza kama nina wasiwasi. Nikamwambia walete na mbwa wa pili pia.