Ombi la Kuuacha Mji Wetu Bila Jina

Bukoba,
9 Machi 1953

Kwa Bwana D.C.,
Boma, Bukoba

Bwana Mkubwa Mheshimiwa,

Nakuamkia kwa unyenyekevu, na kabla ya yote naomba radhi kwa kuandika "Bukoba" tu hapo juu. Mahali ninapofanyia kazi, kile kijimji kipya kilichoota kando ya barabara ya Ijuganyondo, sithubutu kupataja. Mimi ni Philbert Buberwa, yule karani uliyemtuma asimamishe ubao wenye jina la mji kabla hujaja kuuzindua. Ubao upo, umepakwa chokaa vizuri sana. Shida ni jina, ambalo halikosekani bali limezidi.

Wenye migomba, wakiongozwa na Mzee Rutashobya, husema hapa ni Ibale tangu babu zao. Akina mama wa Kilutheri, chini ya Ma Penina, husema ni Betania tangu kanisa lilipoezekwa bati. Bwana Hasmukh mwenye duka husema ni Kwa Hasmukh, na kila mtoto anayetumwa sabuni husema hivyo hivyo. Mimi ni mtu wa Kaagya, sina upande. Nina hofu tu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nimetafuna kahawa ya watu wengi mno. Unajua, Bwana Mkubwa, kwamba Mhaya hamwachi mgeni aketi bila kumpa kahawa ya kutafuna, na anayeikataa amemtukana mwenye nyumba. Mzee Rutashobya alinimiminia kiganjani, akangoja, kisha akasema, "Sasa, mwana wange, umetafuna kahawa ya Ibale. Mdomo huo utatamkaje jina jingine?" Nilikuwa sijameza bado. Ma Penina naye alinipa yake, akaniuliza, "Siku ya mwisho malaika akija kutukusanya, aulizie Kwa Hasmukh? Si atadhani tumefuata sukari!" Bwana Hasmukh hatafuni kahawa, kwa hiyo alinipa chai ya maziwa. "Karani, kabla ya duka hapa palikuwa na nini? Migomba! Nani aliwahi kuuliza migomba inakaa mji gani?" Kila mmoja nilimjibu, "Ni kweli kabisa." Tangu hapo usingizi umenikimbia, sijui kwa hofu au kwa kahawa.

2. Nilijaribu kutenda haki. Niliagiza majina yote matatu yaandikwe, likazuka suala la nani awe juu. Nikamwomba fundi aukate ubao uwe duara, maana duara halina juu wala chini. Akaupigilia kwa msumari mmoja katikati. Bwana Mkubwa, duara lina juu, tena linazungushwa. Asubuhi tuliamkia Ibale, saa ya chai tukawa Kwa Hasmukh, na ibada ya jioni ilipokwisha tulikuwa Betania. Ndiyo maana nikaupaka chokaa wote.

3. Mzee Ndyamukama, ambaye amekuwa akiwaaga watoto wake tangu msimu wa senene, mwezi wa kumi na moja, ameahirisha kufa. "Mjumbe akifika kwa ndugu zangu Muleba atasema nimefia wapi?" anauliza, kisha anaomba uji. Wanawe walikwisha kukamua rubisi, pombe ya ndizi, ya matanga. Wamekuja ofisini kunilaumu kwamba inachacha bure.

4. Hili nimeliweka chini makusudi. Natarajia kumwoa Kokwijuka, binti wa Mzee Rutashobya. Mshenga wangu, Bwana Kagaruki, alipokwenda kuniposea, alitakiwa atamke mbele ya wazee amekuja kuomba mke mji gani. Mimi nilikuwa nimemwonya asitaje jina lolote, kwa kuwa natumikia Serikali. Akakohoa. Akaulizwa tena, akakohoa zaidi. Mzee Rutashobya akasema, "Mpeni maji huyu, na akipona arudi na jina. Binti yangu haolewi kama mbuzi aliyeokotwa njiani." Kokwijuka mwenyewe ameniambia, "Philbert, mwanamume anayeogopa ubao atanilinda na nini?" Nikizidi kuuogopa ubao nitamkosa na yeye.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, mji huu usipewe jina milele. Watu watasema "hapo" na kunyoosha kidole, inatosha. Kama sheria hairuhusu mji usio na jina, basi mji wenyewe ufutwe, wakazi wagawiwe nusu Ijuganyondo na nusu Kagondo, na duka la Bwana Hasmukh libaki barabarani. Na kama hilo nalo ni gumu, naomba nifungwe mimi, kifungo chepesi, mpaka wajukuu wao wausahau ubishi. Jina ni sauti tu, Bwana Mkubwa. Hakuna mtu aliyesoma awezaye kugombana na jirani yake kwa ajili ya sauti.

Nisalimie Bibi Mkubwa, makarani wenzangu wote, mpishi, na askari wa mlango wa gereza, ambaye huenda tukaonana karibuni.

Ni mimi, mtumishi wako mtiifu na mwenye kutetemeka,

Philbert Buberwa,
Karani

Baada ya sahihi: Nilikuwa natafuta bahasha vijana wa Kagondo walipopita na mikungu ya ndizi. Waliuona ubao mtupu, wakacheka: "Enyi watu wa Hapo! Hapo hamjambo?" Mzee Rutashobya, Ma Penina na Bwana Hasmukh walitoka mbio pamoja, kwa mara ya kwanza wakiwa upande mmoja. Lakini aliyewatangulia wote, sijui miguu niliipata wapi, ni mimi, nikipiga kelele, "Hapa ni Ibale! Ibale!" Ma Penina na Bwana Hasmukh wakawaacha vijana wa Kagondo, wakaanza kunifukuza mimi.

Naandika haya nikiwa nimefungiwa katika ghala la kahawa la Mzee Rutashobya, kwa usalama wangu. Kokwijuka amenipitishia kalamu chini ya mlango, na harusi ni Jumamosi. Ombi lote la hapo juu nalifuta. Ubao uandikwe IBALE, kwa herufi kubwa, na upigiliwe misumari minne. Unakaribishwa sana kula nasi, Bwana Mkubwa, ila njiani ukipotea usitaje jina lolote. Uliza tu, "Kwa yule karani ni wapi?" Kila mtu atakuonyesha, wengine kwa fimbo.