Kitanda cha Kitinda

Jumatatu, Machi 4

Wazo limenijia nikipiga randa. Ubao ukipinda, unafanya nini? Unaulowesha upande ulioingia ndani, unaulaza, unaupandishia uzito, unausahau. Ukirudi, umenyooka. Miaka yote hii nanyoosha mbao za watu, na binti yangu ana mgongo uliopinda! Kichwa changu kilikuwa wapi?

Kitinda, mtoto wetu wa mwisho, mgongo wake umekwenda kombo tangu alipoanza kurefuka. Anatibiwa kwa tabibu wa mgongo, yule anayetibu kwa mikono, bila kisu. Anambonyeza, amemvisha kizibao kigumu cha plastiki chini ya sare ya shule, amemfundisha kuvuta pumzi kwa ubavu mmoja. Kijana wa juzi tu, mikono laini, hajawahi kushika msumari. Na mtoto anamsikiliza yeye! Tena amesema wazi kwamba yeye hanyooshi watu kama nondo, anachotaka ni mpindo usiongezeke. Fundi gani anaongea hivyo?

Jumatano ya wiki ijayo Kitinda anapigwa eksirei nyingine. Mpindo ukiwa umeongezeka, anapelekwa kwa wapasuaji. Naogopa. Naandika hapa kwa sababu mke wangu nimemwambia siogopi.

Jumanne, Machi 5

Nimeichukua kimyakimya eksirei ya zamani juu ya kabati, nikaibandika kwenye dirisha la karakana. Jua likapita ndani yake, mbavu zote zikawaka. Nikakaa kuitazama mpaka chai ikapoa. Mzuri mtoto wangu, hata kwa ndani! Mpindo unaelekea kushoto. Pembeni kuna maandishi ya ajabu, hayasomeki kabisa. Lugha yao madaktari hiyo.

Nimeanza kitanda cha kunyooshea. Mbao tupu, na katikati upande wa kushoto nundu moja safi, nimeipiga msasa mpaka inateleza. Hiyo ndiyo itakayousukuma mpindo. Mke wangu akauliza natengeneza nini. Nikasema kabati. Akasema mbona kabati lenyewe lina kibiongo.

Alhamisi, Machi 7

Kitanda tayari. Kitinda amekikagua kwa heshima zote, akasema ahsante Baba, akaenda zake kufanya mazoezi ya tabibu. Hivyo tu!

Namsikia kupitia ukutani. Anavuta pumzi, anatulia, anaiachia. Anavuta, anatulia. Sauti ile inalevya. Nikasema basi nijaribu mwenyewe. Akimwona baba yake amenyooka atashawishika. Nikalala, nikajiwekea mfuko wa mchanga tumboni. Harufu ya maranda. Jua la alasiri miguuni. Nikaota ubao mrefu usio na mwisho, hauna fundo hata moja, na Kitinda anatembea juu yake bila kizibao, polepole, hana haraka na mtu, nami nyuma nimeshika ncha usitikisike. Sijapata usingizi mtamu kama ule tangu nioe.

Kuamka, sinyanyuki! Mke wangu na jirani wamenibandua pale kama mlango uliong'oka bawaba. Nimeegemea upande mmoja na sirudi. Mke wangu kaniuliza namchungulia nani.

Ijumaa, Machi 8

Nimepelekwa kwa tabibu. Aibu gani hii! Aliyenishika mkono njia nzima ni Kitinda. Nikamwambia tabibu nimeteleza. Akauliza juu ya nini. Kitinda akamjibu kwa niaba yangu, kila kitu, hadi mfuko wa mchanga.

Nikalazwa kifudifudi. Meza yake ina mguu unaochezacheza, niliuona mara moja, sikumwambia. Mwache atafute fundi. Akabonyeza taratibu hapa, taratibu pale. Mikono yake ina joto, lazima niseme ukweli. Chumba kikaanza kuelea. Nikarudi kwenye ule ubao wangu, Kitinda yuko mbali sasa, mdogo kabisa, ananipungia. Nikaamshwa na mkoromo wangu mwenyewe.

Tabibu kaniasa nisilalie tena kitanda changu. Wivu wa kazi tu.

Jumamosi, Machi 9

Kitinda kaja karakana, kaiona eksirei dirishani, kacheka mpaka kakaa chini kwenye maranda. Kasema nimeibandika nyuma mbele. Akaigeuza. Yale maandishi ya madaktari yakawa jina lake, likifuatiwa na la kwangu! Na mpindo ukahamia kulia.

Kwa hiyo nundu yangu ingemkandamiza upande usio wake, ikamzidishia. Mwili ulinisisimka. Yeye akanipigapiga begani, na mama yake hakumwambia. Mtoto wa dhahabu yule.

Kuanzia leo, umakini mtupu. Nimekigeuza kitanda, kichwani kuwe miguuni, nundu ikaangukia kulia. Nikampelekea habari njema. Akasema ahsante Baba, akarudi kwenye pumzi zake.

Jumanne, Machi 12

Kesho ndiyo kesho. Lakini nina mpango! Nimechonga kabari nyembamba, nimeitumbukiza ndani ya kiatu kimoja cha Kitinda, chini ya soli ya ndani. Bega lililoshuka litapanda, picha itatoka imenyooka, wapasuaji watamsahau. Nani kama mimi?

Jioni aliileta mezani, akaiweka kando ya sahani yangu. Akasema kwenye eksirei watu huvua viatu. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kwamba yeye hataki picha ya kumfurahisha mtu. Kisu anakiogopa kuliko ninavyokiogopa mimi, na bado anataka kujua. Akauliza nitakwenda naye au nitabaki na mbao. Nikasema nitakwenda. Mke wangu alikuwa anatazama bakuli la mchuzi.

Jumatano, Machi 13

Tumekwenda. Korido ndefu, nyeupe, viti vya chuma. Kitinda alinishika kidole kimoja kama alivyokuwa akinishika alipokuwa mdogo, sikuthubutu kukisogeza.

Tabibu akaweka picha mbili kwenye kisanduku cha taa, akachora mistari kwa rula. Nilitamani kumnyang'anya ile rula. Akapima, akapima tena. Kisha akasema mpindo haujaongezeka. Pengine umepungua, lakini kidogo mno, hataki kutupa matumaini ya bure. Kwa wapasuaji haendi. Kizibao kiendelee, pumzi ziendelee. Akamwambia Kitinda kwamba kazi kubwa ameifanya yeye mwenyewe.

Kitinda akalia. Mimi nikasema maranda yameniingia machoni. Mke wangu akasema humu hamna maranda, akanipa leso yake, imeshalowa tayari.

Alhamisi, Machi 14

Ajabu kubwa!

Nimeziazima eksirei zote mbili, nimezibandika dirishani, bega kwa bega. Ya zamani: mpindo kulia, jina linasomeka vizuri. Ile mpya: pembeni ile lugha ya madaktari tena, haisomeki kabisa, na mpindo uko kushoto. Kushoto!

Mgongo umevuka! Tabibu hajaona, maskini, alikuwa kashughulika na rula. Na kama ulikuwa kulia, sasa uko kushoto, basi njiani ulipita katikati. Kuna siku moja, labda Jumamosi ile alipokaa kwenye maranda akinicheka, binti yangu alikuwa amenyooka kabisa, na hakuna aliyeangalia. Nimewaza hilo asubuhi nzima. Jua lilipita ndani ya mbavu zake, nikasahau hata chai.

Kosa ni la kitanda. Kimezidi nguvu, kimemsukuma kupita kiasi, tena kutoka chumba cha pili! Dawa yake ni nundu mbili, moja kila upande, zimdake pale pale katikati. Namsikia kupitia ukutani: anavuta pumzi, anatulia, anaiachia. Mbao nimeshazilowesha.