Watu Thelathini na Mmoja wa Kumchukua Asifiwe

Akalla, Jumatano, 11 Novemba 2009

Kwa Mheshimiwa Bi Kerstin,
Mkuu wa Fritids ya Shule Yetu

YAH: FOMU YENYE MISTARI MINNE

Mheshimiwa,

Pokea salamu zangu, nikiamini kwamba wewe na wafanyakazi wako ni wazima na baridi ya mwezi huu haijawaingia mifupani. Mimi ni Madeleine, mama yake Asifiwe, yule mtoto wa darasa la kwanza mwenye koti la njano, ambaye hukaa kwenu fritids asubuhi kabla ya masomo na jioni baada ya masomo, mimi na baba yake tukiwa kazini. Sina neno na malezi yenu. Mtoto anakula matunda, anacheza nje hata mvua ikinyesha, na amejifunza kufuma. Malalamiko yangu ni kuhusu fomu.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu nikilalamika kwa Kiswidi huishia kushukuru. Nimejaribu mara tatu, na mara zote niliondoka ofisini kwako nimesema asante nyingi kuliko zako. Barua hii itatafsiriwa na Mwalimu Paskali, anayewafundisha watoto wetu Kiswahili hapo shuleni. Paskali ni mtu wa Kigoma, na Kiswahili changu cha Uvira hukisahihisha hata ninapomsalimia. Paskali, ndugu yangu, sarufi irekebishe utakavyo, lakini hasira yangu iache kama ilivyo.

Mambo yalianza Agosti. Fomu ilikuja nyumbani ndani ya begi la mtoto, ikiuliza ni watu gani wanaoruhusiwa kumchukua Asifiwe jioni. Chini ya swali kulikuwa na mistari minne. Mume wangu Onésime anaendesha basi, mimi nahudumia wazee, na zamu zetu hubadilika kila wiki, kwa hiyo niliona swali hilo ni la busara kabisa. Nikaandika jina langu, jina la Onésime, jina la dada yake Léontine, na jina la Achola, jirani yetu Mganda wa ghorofa ya pili ambaye hurudi kutoka kazini mapema. Kisha nikafanya kosa. Nilibandika nakala ya fomu kwenye mlango wa friji.

Jumapili watu walikuja kula baada ya ibada, kama kawaida yetu. Édouard, kaka mkubwa wa Onésime, alikwenda jikoni kujichukulia maji. Alikaa huko muda mrefu kuliko maji yanavyohitaji. Aliporudi hakuketi tena. Alisimama katikati ya sebule, glasi mkononi, akauliza kwa upole, "Mi niko mutu wa hii nyumba, ao niko mugeni?" Badala ya kujibu, wote waliinuka kwenda kusoma friji.

Tangu siku hiyo sina amani, Mheshimiwa, na malalamiko yangu ni haya:

1. Mistari ni minne. Nadhani aliyeitunga fomu hii alidhani anauliza swali la kazi, yaani nani ana nafasi, nani anakaa karibu. Kwetu karatasi yenye majina ni jambo jingine. Aliyeandikwa ni wa nyumba, asiyeandikwa amefukuzwa, tena kwa maandishi. Édouard ndiye aliyekwenda kuniposa. Alikaa kwa baba yangu siku mbili akizungumza bila kuchoka mpaka nikapatikana, na bila yeye Asifiwe asingekuwepo wa kuchukuliwa. Wiki tatu nzima hakula kwangu. Léontine naye, ambaye ameandikwa, amenuna kwa kuwa wa tatu, kwani anasema shangazi ni damu na mimi nimekuja kwa ndoa tu. Na Achola maskini, ambaye hana hatia yoyote, ameulizwa na akina mama wa kanisani alinipa nini hata akaingia.

2. Baada ya kutafakari, nilirekebisha kosa. Nilichukua karatasi mbili safi, nikaandika majina thelathini na moja, nikayapanga kwa umri ili mtu asiulize, nikayabana kwenye fomu yenu na kuyaleta. Siku iliyofuata Thomas alinipigia simu. Huyu Thomas mfanyakazi wako, mwenye ndevu na kikapu cha sufi, ni mtu mzuri na sitaki apate matatizo kwa barua hii. Aliniuliza kama nimekosea nikaleta orodha ya harusi.

3. Thomas alipokubali kuyaingiza majina, tulikwama kwenye sehemu inayouliza uhusiano wa mtu na mtoto. Sehemu hiyo ina upana wa vidole viwili. Nakuomba uichukue rula uipime mwenyewe, kisha uniambie nitamwandikaje humo Mama Libérate. Tulipovuka kutoka Uvira kuingia Bujumbura tukiwa hatuna kitu, mama huyu, ambaye hakutujua, alitutolea godoro lake, yeye na wanawe wakalala mkekani miezi minne. Leo anakaa Fisksätra, na kwetu ni bibi wa Asifiwe kwa upande wa godoro. Nilimweleza Thomas yote haya kwenye simu kwa dakika ishirini. Alinisikiliza vizuri sana, akasema amenielewa, akaandika "jirani". Jirani! Kutoka Fisksätra mpaka hapa ni treni mbili na ngazi nyingi, na mama ana magoti mabovu. Alipoliona neno hilo alicheka, lakini mimi namfahamu, hakuwa anacheka.

4. Suala la kitambulisho. Édouard aliporidhika kwamba sasa ameandikwa, tena wa kwanza, alivaa suti akaja kumchukua mtoto. Thomas alimwomba kitambulisho. Mzee alikuwa nacho mfukoni, hili amelikiri mwenyewe, lakini alikataa kukitoa. Alivua kofia akaonyesha paji lake la uso, kisha akaonyesha paji la Asifiwe, ambalo kweli ni lile lile. Thomas aliyaangalia yote mawili kwa makini, akakubali kwamba yanafanana, akaomba kitambulisho. Mtoto wakati wote huo alikuwa akisema kwa Kiswidi kwamba huyu ni baba yake mkubwa na tafadhali twende. Sasa naomba unieleze, Mheshimiwa, ni kitambulisho gani kinachojua zaidi ya paji la uso na mtoto mwenyewe.

5. Jumanne iliyopita zamu yangu ilirefushwa. Nilimwambia mtu mmoja tu. Saa kumi wakafika kwenu watu wanne, kila mmoja akiwa na haki yake kamili kwa mujibu wa orodha. Najua korido yenu ni nyembamba. Najua pia kwamba watu wetu wakikutana hawawezi kuachana kabla ya kuulizana habari za nyumbani, na wazazi wengine walishindwa kupita na magari ya watoto. Lakini Thomas alifanya jambo ambalo halifanywi. Alimuuliza mtoto anataka kwenda na nani. Mtoto wa miaka saba, mbele ya wazee! Asifiwe akamchagua Achola kwa sababu Achola ana gari lenye viti vinavyopashwa moto. Wale watatu walirudi kwa miguu, wameshika njia moja bila kusemezana, na mpaka leo sijui nianzie kwa nani kuomba radhi.

6. Asifiwe mwenyewe. Huyu ni mtoto anayenijibu kwa Kiswidi, nami namsemesha kwa Kiswahili, na tunaelewana kwa sababu kila mmoja ni mkaidi kwa lugha yake. Ameniambia kwamba watu wake wengi ni "pinsamt", yaani wanamtia aibu. Rafiki yake wa darasani huchukuliwa na mtu mmoja yule yule kila siku, anafunga viatu, anakwenda. Asifiwe naye anataka hivyo.

Hapa, Mheshimiwa, naomba niache mzaha kidogo. Mimi nilipokuwa na umri wake sikuwahi kujua nani atanichukua shuleni, kwa sababu hakukuwa na haja. Kati ya shule na kwetu kulikuwa na nyumba kumi na nne, na yeyote aliyeniona njiani ndiye aliyekuwa amenichukua. Aliniuliza nimekula, alinifuta pua, alinipiga kofi kama nilistahili. Kisha vita vikaja na nyumba zile kumi na nne sijui ziko wapi na watu wake. Nilipofika nchi hii, kwenye karatasi ya kwanza kabisa niliyopewa kujaza, kulikuwa na mstari mmoja wa jina la mtu wa kupigiwa simu nikipatwa na jambo. Mstari mmoja tu, na nilishindwa kuujaza. Niliurudisha mtupu, yule dada wa ofisini akaupiga alama ya kistari bila kuniangalia. Leo, baada ya miaka saba, nina majina thelathini na moja ya watu ambao wako tayari kupanda treni kwa ajili ya mwanangu, nanyi mnaniambia nichague manne. Hilo limeniumiza, na sitaki Paskali alilainishe.

7. Mwisho, ile barua yako ya Oktoba. Ulinikumbusha kwamba tumechelewa mara mbili kupita saa kumi na moja na nusu, saa ya kufunga, na kwamba ikitokea tena tutaitwa kikaoni tuzungumze kama mpango wetu unamfaa mtoto. Nakiri mara zote mbili, na usiku wa ile siku ya pili nililia, maana sina hofu kubwa duniani kuliko mwanangu kukaa mahali akisubiri mtu ambaye haji. Lakini angalia tarehe. Mara zote mbili zilikuwa wakati wa mistari minne! Tangu watu wawe thelathini na mmoja hatujachelewa hata dakika. Hesabu hii haihitaji chuo kikuu. Mtoto mwenye watu wanne anaweza kusahauliwa. Mtoto mwenye watu thelathini na mmoja hawezi kusahauliwa hata akitaka.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Fomu iwe na mistari arobaini, ile tisa ya ziada ikingojea ndugu ambao bado hawajapata vibali. Sehemu ya uhusiano ipanuliwe mpaka ukurasa wa pili. Koridoni viwekwe viti sita na chai, ili wakifika watu wengi waketi na kuamua kwa utaratibu nani aondoke na mtoto, bila mtoto kuulizwa. Kuwe na daftari la wageni, kwani mtu aliyetoka Fisksätra akakuta mtoto ameshaondoka anastahili angalau kuandikwa kwamba alifika. Na Édouard aandikiwe barua rasmi ya kumtambua, yenye mhuri. Mhuri ndio muhimu, maneno yanaweza kuwa machache.

Nakushukuru kwa kunivumilia, na unaona, hata kwa Kiswahili nimeshukuru. Msalimie sana Thomas na mikono yake ya kufuma, msalimie mpishi, na yule mama wa ofisini anayenitabasamia nikiwa nimekasirika. Onésime anakusalimu akiwa kwenye usukani. Léontine anakusalimu, Achola anakusalimu, Mama Libérate anawaombea wote. Édouard hajasema kitu, lakini hakukataa.

Wako mwenye kukuheshimu na kukusumbua,

Madeleine, mama Asifiwe

N.B. Alhamisi, 12 Novemba. Nimeifungua tena bahasha.

Jana nilikuwa na siku yangu ya mapumziko. Mchana nilimpelekea Paskali barua hii nyumbani kwake Skärholmen, tukakaa kuisoma pamoja, na kwenye namba ya tatu tukabishana juu ya neno godoro mpaka chai ikapoa. Simu yangu ililia. Alikuwa Thomas. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, na Asifiwe alikuwa ameketi kwenye benchi la koridoni, koti limefungwa mpaka shingoni, kofia kichwani.

Hakuna aliyekwenda. Nilipiga simu zote nikiwa ndani ya treni. Léontine alimwachia Édouard, ili apate heshima yake. Édouard alimwachia Léontine, ili asionekane mroho. Achola alikaa ndani asisemwe tena. Mama Libérate alishafika Slussen, pale pa kubadili treni, akajiambia kwamba kwa watu wengi vile lazima mtoto ameshakula na kuoga, akageuza. Onésime alijua mimi nipo nyumbani. Mimi nilijua wapo thelathini. Paskali ni namba kumi na tisa kwenye orodha, na alikuwa ameketi mbele yangu akinipimia sarufi.

Nilimkuta Asifiwe amenyoosha mikono, Thomas akimzungushia uzi wa sufi ili asihesabu dakika. Hakulia. Aliniangalia, mtoto huyu ambaye hajanisemesha Kiswahili kwa hiari tangu mwaka juzi, akaniuliza kwa Kiswahili, "Mama, leo ilikuwa zamu ya nani?"

Nilimshika mkono, Mheshimiwa, tukaondoka.

Kwa hiyo yale majina thelathini na moja naomba uyachane. Viti na chai usihangaike navyo. Kikaoni nitakuja, sema siku. Leo asubuhi Asifiwe alikata karatasi, akaandika mwenyewe siku tano na jina moja mbele ya kila siku, akanikabidhi bila kuniomba ushauri. Nimeiambatisha, naomba muifuate hiyo. Jumatatu ni mimi, Jumanne Léontine, Jumatano mimi tena, Ijumaa baba yake. Alhamisi, yaani leo, ameandika Édouard. Nilimpigia saa mbili kumwambia kwamba ni siku yake, yake peke yake, na asipokwenda hakuna mwingine atakayekwenda. Nimempigia tena sasa hivi kumkumbusha kwamba mtoto anatoka saa tisa na nusu. Ni saa sita mchana, na mkewe anasema ameshaondoka.