Matoleo Saba, Nahodha Mmoja

Jumatatu, 4 Machi
Chama chetu cha sataranji kinatafuta nahodha wa kutuwakilisha mashindanoni. Jumamosi, atakayeishinda kompyuta ndiye. Tumejitokeza wawili: mimi, mtunza kompyuta ya chama, na shemeji yangu fundi saa, kaka wa mke wangu. Shemeji ana akili nyingi. Zitamfaa sana kwenye saa zake!

Programu tunayo katika matoleo saba. La kwanza halijui hata kumlinda malkia wake. La saba ni jini.

Jumanne, 5 Machi
Nimebadilisha majina. Dhaifu sasa linaitwa Saba, jini linaitwa Moja. Mbele ya watu nitajitolea kishujaa kupambana na Saba, nimwachie shemeji Moja, kwa huruma tu. Akili ni nywele!

Jumatano, 6 Machi
Mke wangu kauliza kwa nini nacheka peke yangu. Nikasema ni kazi ya chama. Akasema kazi gani hiyo yenye kicheko cha mwizi wa kuku. Mambo ya kitaalamu hayo.

Alhamisi, 7 Machi
Wasiwasi. Je, nilibadilisha kweli, au niliwaza tu? Sikumbuki. Kuandika mambo kama haya ni kuacha ushahidi, na mimi si mjinga. Kulijaribu toleo? Wanaojaribu ni wasiojiamini. Nimebadilisha tena, kwa usalama.

Jumamosi, 9 Machi
Chumba kilijaa. Nikatangaza kwamba Saba niachieni mimi. Makofi! Mwenyekiti akasema huo ndio uungwana.

Hatua ya kumi na moja sikuwa na malkia. Ya kumi na nne mfalme wangu hakuwa na pa kukimbilia.

Shemeji alilimaliza Moja huku anakunywa chai. Kisha akajitia wema. “Si haki, shemeji yangu kapewa zigo. Tubadilishane.” Akapambana na Saba saa nzima, wakatoka sare. Nami nikapewa Moja.

Nalo likanifunga.

Mwenyekiti alikohoa kwa muda mrefu. Mke wangu alimpongeza kaka yake, kisha akanishikia koti.

Jumapili, 10 Machi
Nimetafakari kwa utulivu. Ni dhahiri kwamba Moja nalo lilikuwa Saba. Uchezaji wangu hauna dosari. Kosa ni moja tu: nilibadilisha majina mara mbili. Mwakani nitabadilisha mara tatu.