Mndimu wa Marehemu na Nyumba Arubaini

Jumatatu, 7 Julai 2025

Kwa jina la Mola aliyeotesha kila chenye jani, na rehema zimfikie Mtume wake. Ewe utakayelifungua daftari hili baada yangu, amani iwe kwako.

Mndimu wa uani unaumwa. Majani yana mabaka ya manjano. Ndimu zimepinda upande. Aliupanda marehemu mke wangu, Tumu. Achari yake ndiyo iliyobaki ya mkono wake. Sitaki ukatwe.

Alikuja Mbodze, binti wa idara ya kilimo. Alinipa shikamoo, akaniita Maalim, kisha akasema maneno mazito. Wadudu wadogo hunyonya mti mgonjwa, wakauambukiza mzima. Dawa ya kuuponya hakuna. Nikamwambia tutazame kwanza.

Akanionesha ramani ya Mji wa Kale katika kompyuta, kila mndimu nukta ya kijani, na mgonjwa nukta nyekundu. Ukikata michache, wekundu husambaa hadi baharini. Ukikata mingi, hatuna ndimu. Basi mtu akate hadi umbali gani? Swali tamu! Sikulala adhuhuri.

Jumanne, 8 Julai

Binti ameeleza kwamba kompyuta yake humpeleka kila mdudu kwa bahati, mfano wa kurusha dadu. Dadu! Nimestaghfiru. Nimetumia sisimizi, ambao huenda kwa kudra.

Sinia ya shaba. Mbaazi ndiyo miti. Ile iliyougua nimeipaka sukari. Itakayofikiwa na sisimizi imeambukizwa. Walianza vizuri, kisha wakapanda kanzuni. Binti yangu Swafia aliuliza kama hiyo ndiyo sinia ya wageni wa Ijumaa. Nilijifanya nahesabu mbaazi. Ndiyo.

Jumatano, 9 Julai

Umbali nimeupata! Dini yatufunza kuwa haki ya jirani hufika nyumba arubaini. Maradhi ni nani hata yavuke hapo? Ikatwe yote ya nyumba arubaini, wadudu wakose pa kwenda, na wangu ubaki peke yake, ustarehe.

Nyumba ya kwanza ni ya Muhdhar, muuza kanga wa Biashara Street, mwenye mndimu uliosheheni na ulimi mrefu. Nilimpelekea hesabu dukani kwa maandishi. Akaisoma kwa sauti mbele ya wateja. Akaniuliza: je, Maalim, mwenye kikohozi hutibiwa kwa kuzikwa majirani zake? Mama mmoja alicheka hata akakalia kanga alizokuwa akizichagua. Nilitoka kwa heshima, nikiwa nimevaa kiatu kimoja cha Muhdhar.

Alhamisi, 10 Julai

Mbodze aliitazama sinia bila kucheka. Mola amlipe. Akaomba niiondoe ile mbaazi ya sukari, mti wangu, peke yake, mapema. Sisimizi walizubaa, wakarudi shimoni. Tukairudisha, wakajaa hadi ukingoni. Mara tano! Nilitaka ya sita. Swafia alisema sukari imekwisha.

Muhdhar alikuja kudai kiatu. Alisimama mbele ya mndimu kitambo. Akasema, kwa sauti nisiyoijua kwake, kwamba mti wake umetokana na kokwa ya huu. Marehemu alimpa mche mwaka aliooa. Sikuwa na habari. Basi Tumu yuko nyumba ya jirani pia!

Nimekubali. Ukatwe wangu, wake upone.

Jumamosi, 12 Julai

Mbodze aliagiza: yeye apulize dawa ya kuua wadudu Jumatatu, ndipo ukatwe, na matawi yafungwe maguniani, jani lisitoke uani. Lakini kheri haicheleweshwi. Nimeukata leo, baada ya alfajiri. Nililia kidogo.

Kuyatia majani mabichi maguniani ni israfu. Yana harufu nzuri kwa chai. Nimeyagawa matawi, nyumba arubaini kamili, haki ya jirani. Tawi kubwa kuliko yote nimemfungia Muhdhar utepe, nikaliegemeza kwa mkono wangu kwenye shina la mndimu wake. Tumepatana.

Jumapili, 13 Julai

Ajabu ya kutafiti: wadudu walirukaruka kutoka tawi la utepe hadi majani ya Muhdhar, wepesi kuliko sisimizi wangu. Nimeandika idadi. Itamfaa binti.

Mbodze amepiga simu kuuliza magunia. Nikamweleza. Akanitaka nirudie mara mbili, nadhani aliguswa. Kisha akaomba orodha ya nyumba zote arubaini, upesi, pamoja na ya Muhdhar.

Alhamdulillahi! Hesabu yangu ya umbali imekubaliwa.

Nawe uliyesoma, Mola aikinge nyumba yako na wote walalao ndani yake, na asikunyime jirani mkarimu.